Dereva Asiyeshika Usukani

Nzige walipokuja nilikuwa bado mdogo, nachunga ndama. Mwaka usiniulize. Shule nilifika darasa la tatu nikarudi kwa ng'ombe, na ng'ombe hawahesabu miaka. Ninachokumbuka ni jua kupotea mchana, halafu kelele kama mvua kavu. Bibi yangu alitoka jikoni na debe la mafuta ya taa, akalipiga kwa mwiko wa ugali mpaka mwiko ukavunjika, akaokota jiwe. Watu wote wa pale walikuwa wanapiga kitu, lakini debe la Bibi lilikuwa limepasuka upande mmoja na mlio wake ulikuwa mbaya kuliko yote, kama mtu anakohoa ndani ya pipa. Nzige wakainuka kutoka kwa shamba letu la wimbi. Tulifurahi kidogo tu, kwa sababu walienda wakatua kwa jirani, mama mmoja mjane, wakamaliza kila kitu mpaka nyasi ya paa.

Yule mjane hakutudai kitu. Lakini kila tulipovuna, Bibi alinituma kwake na kikapu cha wimbi. Siku moja nikamuuliza, "Bibi, kwani sisi ndio tulileta nzige?"

"Hatukuleta," akasema. "Peleka kikapu."

Ule mlio wa debe nilikaa miaka mingi bila kuusikia. Bibi akafa, mimi nikaoa, uhuru ukaja, wazungu wakaanza kuuza mashamba. Sisi watu wa upande wa Chepsaita tukachanga, tukaunda kampuni yetu ndogo, tukanunua shamba moja. Mzungu aliondoka na mbwa wake na piano. Akatuachia ng'ombe wazee, stoo ya mabati ya kuwekea mahindi, na pikapu. Asubuhi ya kwanza tuliisukuma ile pikapu kwa mteremko, na ilipowaka nikasikia debe la Bibi. Nikacheka peke yangu. Mtu aliyekuwa kwa usukani akatoa kichwa dirishani.

"Unacheka gari ama unanicheka mimi?"

Huyo ndiye Dereva. Ndiye nilitaka kumsema tangu mwanzo, na nimezungukia kwa nzige kwa sababu kumfikia moja kwa moja kunanishinda.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mke wake alimwita Dereva. Alikuwa dereva wa yule mzungu, na shamba lilipouzwa yeye alibaki pale kwa nyumba za wafanyakazi, kama vile pikapu ilivyobaki. Hakuwa mwanachama wetu. Tulimchukua atuendeshee kwa sababu katikati yetu sote hakukuwa na mtu aliyejua gia. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo mabegani, na koti refu la kijani ambalo mfuko wake mmoja ulikuwa umetobolewa na spana. Alikuwa anapiga mluzi, mluzi mzuri wa nyimbo za kanisa, lakini kanisani kwenyewe alikaa karibu na mlango na hakuimba.

Hii habari ya mguu wangu niiseme mapema, ndio usikae ukiingoja.

Ilikuwa asubuhi ya kupeleka maziwa mjini, Eldoret, sisi tukiita Sisibo. Dereva alikanyaga breki akasema haishiki, mafuta yake yamekwisha. Sasa wakati ule kila mtu aliyeendesha gari za mashamba alijua ujanja mmoja. Ukikosa mafuta ya breki, unakoroga sabuni kwa maji, unamimina pale, unapampu, breki inakuwa ngumu, unaenda polepole mpaka mjini unanunua ile ya kweli. Madereva wa wazungu walifanya hivyo. Dereva mwenyewe alikuwa amefanya hivyo mara nyingi kwa barabara ya tambarare. Lakini siku hiyo alisema, "Leo tungoje. Mtu aende na baiskeli alete mafuta."

Tukamzomea. Maziwa yalikuwa ndani ya mikebe na jua linapanda, na kule kiwandani wakinusa uchachu wanakurudisha na maziwa yako. Mmoja akasema, "Dereva, siku hizi wewe ndiye mzungu?" Mimi nilikuwa nimeshapanda nyuma, nimekaa kati ya mikebe. Nikasema, "Weka sabuni twende." Mke wangu Mama Chebet ndiye alileta sabuni, hakujua ni ya nini.

Maji yakipata joto la breki huchemka, na yakichemka breki inakuwa hewa tupu. Hilo tulilijua baadaye. Kwa ule mteremko wa kushuka mtoni nilimsikia akipiga kanyagio, pa, pa, pa, kama mtu anaua nyoka. Darajani kulikuwa na wanawake wamebeba kuni. Dereva aliona hao wanawake, akapindua usukani akagonga ukingo wa barabara kwa makusudi. Gari ikasimama. Mikebe haikusimama. Ilinijia yote, ikanibana goti kwa bodi ya nyuma, na kitu cha mwisho nilichoona ni maziwa yakitiririka kwa barabara ya murram kuelekea mtoni.

Nilipokuwa hospitali, wazee wa kampuni walikaa ndani ya ile stoo ya mahindi. Wakauliza, "Nani alitia sabuni?" Dereva akasema, "Ni mimi." Waliokuwa wamesimama pale asubuhi ile, wote waliomzomea, walikuwa ndani ya stoo hiyo hiyo. Wakatazama mahindi.

Wazee walikata mambo mawili. La kwanza, kampuni haitaki tena chombo kilichomwaga damu, kwa hivyo pikapu apewe aliyeumia. Nikaletewa ile gari iliyonivunja, ikasukumwa mpaka kwangu kama mahari. La pili, Dereva alete kondoo. Kwetu, mtu akimuumiza mwingine bila kutaka, analeta kondoo, kondoo huyo anachinjwa kwa boma la aliyeumia, wote wawili wanakula chini ya paa moja na kunywa mursik, maziwa yetu ya kuganda yenye masizi ya mkaa, kwa kibuyu kimoja. Hapo jambo limefungwa. Mpaka siku hiyo ifike, aliyeumiza haingii kwa nyumba ya mwenzake, na chakula cha nyumba hiyo hakili.

Dereva alileta kondoo jike, mnene, kabla hata sijatoka hospitali. Nilipofika nyumbani wazee wakanitumia mtu kuuliza siku. Nilikuwa nimelala, mguu umefungwa kwa mbao, nina hasira na dunia nzima. Nikasema, "Angoje nipone."

Goti halikupinda tena mpaka leo. Sasa wewe fikiria mtu anayengoja hilo lipone.

Jumamosi iliyofuata, wakati ndugu wa mke wangu walikuwa wamekuja kuniona, nikasikia kitu kinagongwa nje. Dereva alikuwa chini ya pikapu, miguu yake ndiyo inaonekana. Hakuwa ameitwa. Mama Chebet akamuuliza anafanya nini, akajibu kutoka huko chini, "Natoa hii maji." Alifungua breki zote, akaosha bomba, akakausha kwa pumzi ya mdomo wake. Jumamosi nyingine akaja tena. Akaja miaka.

Nikisema alikuwa anatengeneza gari, usidhani alikuwa hodari. Kazi yote alijifunzia hapo kwangu, kwa gari yangu. Alikuwa akifungua kitu mchana kutwa, akikifunga jioni, na kwa karai kunabaki nati na bolti. Mama Chebet anamwonyesha karai.

"Na hizi, Dereva?"

"Hizo mzungu aliongeza."

"Aliongeza za nini?"

"Si unajua wazungu. Wanapenda kufunga sana."

Mara moja alirudisha waya za plagi kwa mpangilio wake mwenyewe, injini ikalia kama bunduki, kuku wangu wakakimbilia kwa jirani na wawili hawakurudi. Rejeta ikivuja maji alimimina konzi ya unga wa mahindi ndani, tobo likaziba, lakini tukaenda mjini tunanuka uji. Tangi likitoboka alisugua sabuni ya mche pale, ikashika. Sabuni aliitumia kwa tangi, lakini alikuwa akiishika kwa karatasi, haigusi na mkono. Mkanda wa feni ulipokatika alikata wa ngozi ya ng'ombe, na mbwa wa mjini walitufuata.

Lakini alikuwa na njia yake ya kuuliza. Gari ikikataa kuwaka hakuvamia. Kwanza anaweka kiganja kwa boneti, halafu anauliza mwenye nyumba, "Jana ililala aje?" Kama anauliza habari za mgonjwa. Ililala kwa mvua? Ililala ikiangalia juu ama chini? Ilizimwa ama ilijizima? Baridi yetu ya huku juu unaijua, asubuhi unakuta umande umekuwa barafu kwa kioo. Alitufundisha kuilaza gari na blanketi kwa boneti, na asubuhi kumwagia maji moto pale chini ya kabureta, polepole. Akimaliza kuuliza anatafuta moto: anachomoa plagi moja, anaiegemeza kwa chuma, mtu anazungusha hendeli, anaangalia kama inatoa cheche. Moto uko? Basi anatafuta petroli. Petroli iko? Anatafuta uchafu. Hakuruka. Mimi mwenye haraka nikimwambia, "Si ni kabureta tu hiyo," alikuwa anasema, "Sauti mpya ni mgeni. Mpe kiti kwanza, ndio umuulize ametoka wapi."

Kwa breki ndio hakuwa na mchezo. Huko hakuacha nati kwa karai. Kila Jumamosi, hata kama gari haikutoka nje wiki nzima, alilala chini na Mama Chebet akakaa kwa kiti cha usukani.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shika."

"Nimeshika."

"Achia."

Mpaka hewa yote itoke. Mafuta ya breki alinunua kwa Msomali mmoja wa duka la spea mjini, mzee wa ndevu nyekundu ya hina, ambaye alizoea kumwona mpaka akaanza kumtania.

"Dereva, niambie ukweli, nyumbani mnakunywa hii?"

"Ni gari inakunywa."

"Gari moja? Hata lori zetu za kwenda Lodwar hazinywi hivi. Hiyo si gari, hiyo ni ngamia."

Dereva hakucheka. Alikuwa anaweka makopo kwa ghala langu, yamepangwa ukutani, mengine hayajafunguliwa. Siku nyingine nilihitaji mahali pa kuweka mbegu nikakosa, kwa sababu ya mafuta ya breki.

Na baada ya kufunga, kulikuwa na jambo lingine ambalo Mama Chebet alilichukia mpaka mwisho. Shamba langu lina mteremko, si mkali, lakini unatosha. Dereva alimwambia apandishe gari juu, halafu ashuke nayo na apige breki penye kisiki. Yeye mwenyewe alienda akasimama upande wa chini wa kisiki. Mbele ya gari. Mikono amening'iniza, koti limefungwa vifungo vyote.

"Toka hapo," Mama Chebet anapiga kelele kutoka juu.

"Shuka tu."

"Dereva, mimi siendeshi nikiona mtu."

"Usiulize gari kama imepona," anajibu, "uliza mteremko. Shuka, Mama."

Na Mama Chebet anashuka akiwa amefunga jicho moja, na gari inasimama pale penye kisiki, na Dereva anaitazama kidogo kama anayengoja ibadili nia. Halafu anaenda kunawa mikono. Mimi nilikuwa nimekaa kwa kigoda, naangalia. Sikumwambia atoke hapo hata mara moja.

Nimetaja Mama Chebet akiendesha kama ni kitu cha kawaida, na wakati ule haikuwa kawaida. Mimi na goti langu nisingeweza klachi. Dereva alikuwa hapo, lakini tangu siku ya daraja hakukaa tena nyuma ya usukani. Hata kuisogeza gari kutoka kwa jua mpaka kwa kivuli alikuwa anasukuma kwa bega, akiingiza mkono mmoja tu dirishani kupindua. Ndipo akamfundisha mke wangu, na akamfundisha akiwa nje. Alitembea kando ya mlango, ameshika dirisha.

"Kanyaga klachi."

"Gani hiyo?"

"Ya kushoto. Sasa achia polepole, kama unalaza mtoto."

Gari ikaruka kama mbuzi, ikazima.

"Huyo mtoto ameamka," Dereva akasema.

"Si uingie basi ukae hapa kando yangu unionyeshe."

"Nitatembea."

"Utatembea mpaka Sisibo?"

"Ukifika gia ya pili nitakimbia."

Na alikimbia. Watu walikuja kutazama mwanamke anaendesha, wakakuta mwanamume anakimbia na koti, wakasahau mwanamke. Walicheka, nami nikacheka nao. Kwa hivyo maziwa yetu yaliendelea kufika mjini, ya majirani pia, na Mama Chebet akajulikana mpaka mji wa Turbo, na mimi nikawa mtu mwenye gari. Mtu aliye na gari huitwa kwa mikutano. Mtu aliye na gari na mguu uliovunjika huitwa na kupewa kiti cha mbele. Hayo yote yalikuwa yamesimama juu ya mgongo wa mtu mmoja aliyelala kwa gunia chini ya injini.

Chai alinywea nje. Si chai ya nyumba, hiyo haikuruhusiwa, ilikuwa ya birika lake mwenyewe, aliyokuja nayo imefungwa kwa kitambaa. Mvua ikinyesha alikaa ndani ya pikapu, upande wa abiria, akitazama mlango wetu. Watoto wangu walimpenda, alikuwa akiwachongea magari ya mti, lakini walijua hawamwambii karibu ndani. Yule kondoo alizaa, na watoto wake wakazaa. Watoto wa kwangu waliwaita "kondoo wa Dereva". Wakati mwingine walipita karibu na gari wakila nyasi, naye anasimamisha kazi, anawaangalia, anarudi kwa kazi. Hakuniuliza. Wazee waliniuliza, wakachoka. Wengine walikufa. Mimi nilikuwa na jibu lile lile: nipone kwanza.

Nisikudanganye, nilikuwa najua. Hasira yenyewe ilikwisha mapema, labda misimu miwili tu ya mvua baada ya ajali. Lakini jambo likifungwa, huyu mtu atakuja kwangu Jumamosi kwa sababu gani? Nikaliacha wazi, kama mtu anavyoacha mlango wa zizi wazi kwa ng'ombe asiye wake anayejileta. Na Jumamosi nilipokaa kwa kigoda, nilikuwa naunyoosha ule mguu mahali atauona akitoka chini ya gari. Hilo ndilo linaniamsha siku hizi, kuliko goti.

Siku moja mke wa Dereva alikuja kwetu. Alikuwa mama mnyamavu, mfupi, wa upande wa Cheptiret. Alikaa nje kwa mkeka na Mama Chebet, na mimi nilikuwa ndani, ukuta ni wa udongo, unasikia kila kitu.

"Mama Chebet, nimekuja kuuliza. Huyu mtu mtamwachilia lini?"

"Kwani tumemfunga?"

"Mnajua vile mmemfunga."

Akaeleza. Kumbe Dereva naye alikuwa amenunua shamba. Si kwetu, kwetu hakuwa na hisa. Alichanga na ndugu za mke wake, kampuni nyingine kule Cheptiret, na shamba lao lilishakatwa. Lakini kamati yao ilikuwa na sheria: asiyejenga na kulima, kipande chake kinapewa mwingine. Walikuwa wamemwandikia wakamngoja, wakamwandikia tena. Sehemu ya mtoni, ile nzuri, wameshampa mtu. Imebaki ya juu penye mawe, na hiyo pia wanataka kuigawa wakati wa kupanda ukifika.

"Na yeye anasemaje?" Mama Chebet akauliza.

"Anasema hawezi kuhama akiacha jambo wazi. Kwamba huko ugenini mtu akiuliza kwa nini ametoka huku, atasema nini? Namwambia twende usiku, anasema yeye si mwizi. Kwa hivyo nimekuja kwako. Mzee wako nimekuwa nikimwomba kwa macho tu."

Mke wangu akasema, "Nenda nyumbani, Mama. Kesho mje wote wawili, na msile asubuhi."

Aliingia ndani akanikuta nimejifanya nimelala. Akaninyang'anya blanketi.

"Umesikia."

"Nimesikia."

"Mguu umepona?"

Nikageukia ukuta.

"Kesho nachinja. Ukikataa, mimi ufunguo wa hiyo gari naurusha mtoni na maziwa utabeba na kichwa. Nimechoka kumshukia mtu akiwa amesimama mbele yangu. Kila Jumamosi nashuka nikijua nikikosea namuua, na wewe umekaa hapo kwa kigoda kama uko kwa mchezo wa mpira."

Huyo ndiye mwanamke ambaye hajawahi kuniinulia sauti. Na hakuiinua hata siku hiyo.

Wakaja. Dereva alikuwa amevaa shati jeupe na lile koti, amenyoa. Mzee mmoja aliyebaki wa wale wa stoo aliletwa kwa pikapu, Mama Chebet alimfuata mwenyewe. Kondoo aliyechinjwa hakuwa yule wa kwanza, huyo alikuwa amezeeka na kufa. Alikuwa mjukuu wake. Nilimuuliza mzee kama ni sawa. Akasema ni sawa kwa kondoo.

Dereva alisimama mlangoni mpaka mzee akamshika mkono akamvusha. Alikaa kwa benchi, magoti pamoja, kama mtu yuko kwa daktari. Akaangalia huku na huku.

"Kumbe mko na dirisha upande huu," akasema.

Miaka yote aliyokuwa kwangu, nyumba yangu aliijua kwa nje tu. Nikatazama hilo dirisha kama mimi pia naliona leo.

Tukala. Mzee akaleta kibuyu, Dereva akanywa, akanipa, nikanywa. Maziwa yalikuwa yameiva vizuri, masizi yake meusi yakabaki kwa mdomo wa juu wa Dereva na hakupangusa. Mzee akasema maneno yake. Akaniambia nami niseme. Nilikuwa nimepanga kusema "jambo limekwisha", neno hilo tu, ndilo la kawaida. Lakini nikajikuta nasema lingine.

"Siku ile ni mimi nilisema uweke sabuni."

Mzee akaniangalia. Mke wa Dereva akaangalia chini. Dereva aliendelea kutafuna mpaka akamaliza.

"Najua," akasema. "Nilikusikia."

"Na kwa stoo ulisema ni wewe."

"Waliuliza nani alitia. Hawakuuliza nani alisema."

Nikasema, "Jambo limekwisha," na sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayeomba, si mtu anayetoa. Yeye akatikisa kichwa, ndiyo, kwa upole, vile unamkubalia mtoto aliyeleta kitu kwa kuchelewa. Akaomba maji, akanawa, akamshukuru Mama Chebet kwa chakula. Akamwambia yeye ni dereva mzuri, lakini asikae na mguu juu ya klachi akiendesha.

Nikatoka nao nje. Sasa wewe unajua mtu akishikwa na aibu vile anatafuta maneno ya kila siku, ndio dunia ionekane haijageuka. Nikaona pikapu iko pale, nikasema, "Jumamosi utakuja? Gia ya pili imeanza kuruka."

Hakukasirika. Nilitamani angekasirika. Alinitazama usoni, nadhani mara ya kwanza tangu daraja, kwa sababu siku zingine alikuwa akitazama mguu.

"Baba Chebet," akasema, "mimi si fundi."

Akafunga vifungo vya koti, akamngoja mke wake, wakashuka kwa ile njia ya chini wakitembea bila haraka, na hakurudi tena.